Jenereta mbili, koki moja: tuchore mti wa hitilafu wakuu

#1 Fundi wa Usiku (mleta uzi)

Wakuu habari za mchana. Huu uzi ni mrefu, kama una haraka pita tu, ukirudi utaukuta.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa nahusika na umeme wa akiba wa chumba cha seva, mahali sipataji. Tulikuwa na jenereta mbili, moja ikigoma nyingine inabeba mzigo wote, na UPS (kabati la betri za dharura) ya kushikilia zile sekunde za mwanzo mpaka jenereta ziwake. Bosi akataka karatasi ya kuonyesha tuko salama kiasi gani, nikamchorea mti wa hitilafu, nikapiga hesabu, namba ikatoka nzuri mpaka nikajipongeza mwenyewe. Wiki chache mbele gridi ikakatika. UPS ikashika, jenereta zote mbili zikawaka kama nilivyochora, tukapeana tano. Dakika kama arobaini hivi baadaye ya kwanza ikaanza kukohoa, ikazima, na kabla sijafika mlangoni ya pili nayo ikazima. Kwenye mti wangu jenereta zote mbili kugoma lilikuwa jambo la mara 1 katika 2,500.

Nitasema nini kilitokea, ila kwanza kwa wasiojua huu mti nieleze, halafu muotee.

Mti wa hitilafu unachorwa kuanzia juu kwenda chini. Juu kabisa unaandika balaa unaloliogopa, moja tu, na uliandike kwa kulibana: "seva zinakosa umeme baada ya gridi kukatika". Ukiandika "umeme kusumbua" hata wewe mwenyewe hutajua unatafuta nini. Halafu unajiuliza swali lile lile mpaka uchoke, hili linatokeaje? Kama lolote kati ya mambo fulani linatosha kulileta, unaweka geti la AU. Kama lazima yote yatokee kwa pamoja, geti la NA. Unashuka hivyo hivyo mpaka unafika kwenye vitu ambavyo huna haja ya kuvivunja tena, betri kufa, swichi kuganda, mtu kusahau, hivyo unavizungushia duara. Kile ulichoshindwa kukichimba kwa kukosa taarifa unakichorea almasi ili anayekuja nyuma yako ajue uliruka hapo, na niwaambie ukweli, almasi ndizo watu wanazionea aibu na wanazifanya maduara.

Siyo kitu kipya. Ilianzia Bell Labs mwaka 1962, H. A. Watson na wenzake walikuwa wanachambua mfumo wa kurusha makombora ya Minuteman ya jeshi la anga la Marekani. Boeing wakaidaka, baadaye watu wa nyuklia nao wakaingia mzima mzima, ule utafiti mkubwa wa usalama wa vinu Marekani uliotoka 1975 chini ya Norman Rasmussen umejaa miti ya namna hii.

Sasa mti wangu. Namba nawapa za kuchezea lakini uwiano ndio ule ule. UPS kushindwa kushika 0.005. Swichi ya kubadilisha kutoka gridi kwenda jenereta kuganda 0.001. Jenereta A kugoma 0.02, B hivyo hivyo 0.02. UPS na swichi ziko chini ya geti la AU, yoyote ikifa umekwisha. Jenereta ziko chini ya geti la NA kwa hiyo unazidisha, 0.02 mara 0.02 unapata 0.0004. Jumlisha matawi yote inakuja 0.0064 (kwa namba ndogo hivi kwenye AU unajumlisha tu, kosa lake halionekani).

Hapo tu tayari mti umelipa. Bosi alikuwa na mpango wa kununua jenereta ya tatu. Ukiweka ya tatu lile tawi linashuka kutoka 0.0004 kwenda 0.000008, unaona raha, lakini jumla inatoka 0.0064 inakuwa 0.0060. Hela yote ile kwa 0.0004. Shida ilikuwa kwenye betri za UPS na hakuna aliyekuwa anaziangalia maana zimekaa kimya kwenye kabati, hazina moshi wala kelele.

Haya, nani anaotea jenereta ziliuawa na nini?

#2 Njiti

Natia nanga hapa. Mimi naotea dizeli chafu, maji kwenye mafuta.

Ila mkuu swali la kijinga, hizo 0.02 mnazitoa wapi? Maana mimi jenereta yangu nikiulizwa inagoma mara ngapi sina jibu.

#3 Spana Kumi na Tatu

Swali la kijinga ndio swali lenyewe. Mimi nimefanya matengenezo muda mrefu na hii miti nimeiona, nasema wazi ni sanaa ya kupika namba. Anayelipa anataka 0.001, mchoraji anarudi chini anapunguza duara hili kidogo na lile kidogo mpaka 0.001 inatoka. Mnakumbuka Challenger, kile chombo cha anga cha NASA kilicholipuka 1986? Baada ya ile ajali mwanafizikia Feynman, aliyekuwa kwenye tume ya uchunguzi, alipouliza uwezekano wa kupoteza chombo, mainjinia walikuwa wanamwambia kama 1 kwa 100, uongozi unamwambia 1 kwa 100,000. Shirika moja, chombo kile kile, tofauti mara elfu moja. Sasa mti unisaidie nini hapo?

Na naotea chujio la hewa, vumbi.

#4 Fundi wa Usiku

@Njiti unazitoa kwenye daftari la kazi. Jenereta imejaribiwa mara 100, imegoma kuwaka mara 2, hiyo ni 0.02. Kama huna daftari unaazima kwa waliorekodi vifaa vya aina hiyo, ila unaandika pembeni kwamba umeazima. Na kwa vitu vinavyokaa kimya vikisubiri kuitwa kuna hesabu fupi, chukua kasi ya kuharibika zidisha na nusu ya muda kati ya jaribio na jaribio. Betri inayokufa wastani mara moja kila miaka mitano, ukiipima kila mwezi, nusu mwezi kwa miezi 60 ni kama 0.008. Ukiipima mara moja kwa mwaka ni miezi sita kwa 60, yaani 0.1. Betri ile ile! Hujanunua kitu, umebadilisha ratiba tu.

@Spana sikupingi sana. Namba ya juu kabisa hata mimi siku hizi naiangalia kama naangalia utabiri wa mvua. Lakini wewe umeona namba tu, umeruka mchoro. Toa namba zote kwenye mti, futa kabisa, bado unabaki na orodha ya mambo yanayotosha kuangusha mfumo. Kwangu mimi orodha ni (UPS), (swichi), (A na B). Vikundi viwili vya kitu kimoja kimoja na kimoja cha vitu viwili. Kile cha kitu kimoja peke yake ndicho kinachotakiwa kukunyima usingizi, na kukiona hakuhitaji desimali.

Wote wawili mmekosa. Mafuta yalikuwa safi, chujio jipya.

#5 mama_data

Nimesoma mpaka hapa nikacheka maana najua unakoelekea kaka. Mimi niko upande wa seva zenyewe, kwetu ugonjwa ni huo huo, tunaweka nakala tatu za huduma tunasema "zote tatu lazima zife", halafu zote tatu zinapokea seting kutoka faili moja. Mtu anakosea koma kwenye faili, zote tatu chini kwa pamoja, na kwenye karatasi tulizidisha uwezekano wa moja kwa wa nyingine kwa wa tatu kama vile hazijuani.

Geti la NA linaruhusu kuzidisha pale tu ambapo hivyo vitu havijuani. Huyu kufa kusimwambie chochote kuhusu yule. Kwenye maisha ya kweli vitu pacha vinajuana sana, vimenunuliwa siku moja, vimefungwa na fundi mmoja, viko chumba kimoja.

Mfano mkubwa kwangu ni ile ndege ya abiria DC-10, safari ya United 232, Julai 1989. Mifumo mitatu ya haidroli (mafuta ya presha yanayosukuma usukani wa ndege), kila mmoja unajitegemea, kupoteza yote mitatu walihesabu ni jambo lisilotokea. Diski ya feni ya injini ya mkiani ikapasuka angani, vipande vikakata mabomba ya mifumo yote mitatu, kwa sababu yote mitatu inapita hapo hapo mkiani. Kati ya watu 296 walikufa 112, na waliopona walipona kwa rubani kuiongoza ndege kwa kuongeza na kupunguza nguvu ya injini mbili zilizobaki.

Naotea: mafuta yanatoka sehemu moja.

#6 Fundi wa Usiku

Mama_data umeua.

Ilikuwa hivi. Kila jenereta ilikuwa na tanki lake dogo, la kukimbiza kama dakika arobaini. Nyuma ya ukuta kuna tanki kubwa linalojaza yale madogo, na bomba kutoka tanki kubwa lilikuwa moja, lenye koki moja kabla halijagawanyika. Mtu wa sevisi alifunga ile koki alipobadilisha chujio la mafuta, akamaliza, akafuta mikono, akasaini kadi, akaondoka. Koki ikabaki imefungwa. Ilikuwa nyuma ya bomba la maji, mpaka uiname na tochi ndio unaona mpini umekaa kukatisha bomba badala ya kulala nalo.

Sasa kinachoniuma ni hiki. Sisi tulikuwa tunajaribu jenereta kila mwezi bila kukosa! Tunawasha, tunaziacha dakika kumi, tunaandika "SAFI", tunazima. Dakika kumi zinakula mafuta ya tanki dogo tu. Halafu kijana wetu alikuwa mchapakazi, akiona tanki dogo limepungua anajazia kwa dumu. Kwa hiyo kila mwezi tulikuwa tunathibitisha kitu ambacho hakikuwa na shida, na kile chenye shida tulikuwa tunakifunika kwa dumu.

Kwenye mti wangu niliandika duara "mafuta kutofika" chini ya jenereta A, nikaandika duara lingine "mafuta kutofika" chini ya B. Maduara mawili, namba mbili, nikazidisha. Kumbe ni duara moja nililolichora mara mbili. Ukifanya hesabu ya mantiki vizuri, A inakufa kwa koki au kwa ugonjwa wake, B inakufa kwa koki au kwa ugonjwa wake, koki inatoka nje ya geti la NA inapanda juu kukaa na UPS na swichi. Kikundi cha kitu kimoja, na mimi nilikuwa nimekificha chini ya geti la NA kama kimejikinga.

Siku hizi kila tukio la msingi nalipa jina la kitu chenyewe. "Koki K1 kufungwa", siyo "mafuta kutofika". Jina la jumla linaficha undugu. Ukiandika K1 mara ya pili mkono wenyewe unashtuka.

#7 Mkongwe wa Zamu

Vijana shikamooni kwa kazi nzuri (leo nawaamkia mimi). Niongeze la zamu.

Duara la "mtu kuacha koki imefungwa baada ya sevisi" mainjinia wengi hawalichori, mti wao una vyuma tu. Three Mile Island, kile kituo cha nyuklia Marekani, 28 Machi 1979, zile valvu za maji ya dharura zilikuwa zimefungwa tangu matengenezo ya siku mbili nyuma. Pampu zikawaka, maji hayaendi. Na valvu nyingine ya kupunguza presha ikagoma kufunga, lakini kwenye paneli taa ilionyesha kama imefunga, kwa sababu ile taa ilikuwa inasoma amri iliyotumwa kwenye valvu, haisomi valvu yenyewe iko wapi. Waliokuwa zamu wakaiamini taa. Mimi mtu akinionyesha mti wenye "opereta ataona kwenye paneli" namuuliza taa inasoma nini, amri au kitu? Wengi hawajui.

Na moto. Browns Ferry, kituo kingine cha nyuklia, Alabama, Machi 1975. Watu wanatafuta upenyo wa hewa kwenye ukuta unaopitisha nyaya, wanatumia MSHUMAA, wanaangalia mwali unavutwa wapi. Sponji ya kuziba ikashika moto, nyaya zaidi ya 1,600 zikaungua, mifumo ya akiba na ya kwanza ikaenda pamoja kwa sababu nyaya zao zilikuwa zinapita karibu karibu. Huo mti wa kwenye karatasi ulikuwa na geti za NA ngapi hapo? Mshumaa mmoja tu.

#8 Njiti

Mzee marahaba hahaha. Sasa nimeelewa shida lakini nauliza, kama vyanzo vya pamoja huwezi kuvijua vyote kabla, mnaviwekaje kwenye hesabu? Au unaandika duara "chochote"?

#9 Fundi wa Usiku

Unacheka lakini karibu ndivyo ilivyo. Kuna njia ya beta. Unasema katika kila mara 100 ambazo jenereta moja inagoma, mara 10 sababu yake inaiondoa na pacha wake. Hiyo ni beta ya 0.1. Watu wengi wanaanzia karibu na hapo kama hawana taarifa bora. Basi 0.02 unaigawa, 0.018 ni ugonjwa wa mtu binafsi, 0.002 ni ugonjwa wa ukoo. Geti la NA linabaki na 0.018 mara 0.018, hiyo ni 0.000324, halafu unaweka pembeni duara la ukoo 0.002 peke yake. Jumla 0.0023. Mwanzo nilikuwa na 0.0004. Karibu mara sita, na sijagusa chochote zaidi ya kukubali kwamba hizi mashine ni ndugu.

Na angalia, ukileta jenereta ya tatu ya aina ile ile inayokunywa bomba lile lile, ile 0.002 haisogei kwa sehemu kubwa. Bora ya pili iwe ya aina tofauti. Fukushima, kile kituo cha nyuklia Japani kilichopigwa na tsunami 2011, jenereta za dizeli karibu zote zilizama au zilipoteza vifaa vyake kwenye maji, iliyobaki inafanya kazi ilikuwa moja ya yuniti ya 6, inapozwa kwa hewa na ilikuwa imewekwa sehemu ya juu zaidi. Ilisaidia yuniti 5 na 6 kubaki salama. Haikupona kwa kuwa imara kuliko wenzake, ilipona kwa kutofanana nao.

#10 Spana Kumi na Tatu

Sawa hapo nimekaa kidogo. Ila beta yenyewe nani kaipima, hahaha. Nyie watu mkiishiwa namba mnaleta herufi ya Kigiriki.

Nina hoja ya pili na hii hamnitoi. Mti hauna saa. Geti la NA linasema A na B, halisemi A kabla ya B. Kazini kwangu utaratibu ndio kila kitu, swichi ikibadilika kabla jenereta haijatulia unaunguza vitu, ikibadilika baada hakuna shida. Matukio yale yale mawili. Pia dakika arobaini zako ziko wapi kwenye mti? Mti unasema zitawaka au hazitawaka. Zako ziliwaka!

#11 mama_data

Spana hoja ya pili nakupa. Kuna geti la NA la kipaumbele linalodai kushoto kutangulia kulia, lakini ukianza kuyatumia mengi hesabu ya kuzidisha inakufa na unahamia kwenye mbinu nyingine za kufuata hali ya mfumo hatua kwa hatua. Mti ni picha ya mnato siyo video.

Ila dakika arobaini ni kosa la fundi siyo la mti. Tukio lake lilitakiwa kuwa mawili, "kugoma kuwaka" na "kuwaka halafu kushindwa kuendelea kwa masaa manane". Wengi tunasahau la pili kwa sababu majaribio yetu yanaishia kwenye kuwaka.

Na juu ya nani kasema kitu hakiwezi kufa: ndege ya Boeing 737 MAX. Ule mfumo wa MCAS, unaoshusha pua ya ndege wenyewe, ulikuwa unasikiliza kihisi kimoja tu cha pembe ya ndege dhidi ya upepo kwa wakati mmoja ingawa ndege ina viwili. Watu 346 katika ajali mbili, Oktoba 2018 na Machi 2019. Ukichora ule mti wa "mfumo unashusha pua bila sababu" kihisi kibovu kinakaa peke yake chini ya geti la AU, mtoto wa sekondari anaona. Lakini uzito uliopewa tukio la juu ulikuwa mdogo kuliko uliostahili, walichukulia rubani ataidhibiti ndani ya sekunde chache, na tukio likishapewa uzito mdogo hakuna anayedai kihisi cha pili. Kabla ya kubishana beta bishaneni nani kaandika lile sanduku la juu.

#12 Fundi wa Usiku

@Spana @mama_data kweli tupu, lile la masaa manane nilikuwa sina. Na jaribio letu siku hizi mara moja kila miezi mitatu ni la masaa mawili na mzigo halisi, ili tanki dogo liishe na lijazwe kutoka kubwa. Dumu limepigwa marufuku siku ya jaribio. Kijana aliuliza kama amefanya kosa, nikamwambia hapana, wewe ulikuwa unasaidia.

Nilivyouchora mti upya nilikaa na yule mtu wa sevisi mwenyewe. Nikamwonyesha tawi la mafuta, akaliangalia kama nusu dakika akasema "mbona hujachora chaja?" Chaja za betri za kuwashia, kila jenereta ina yake, nilikuwa nimechora mbili, nikajivunia. Akasema zote mbili zinapata umeme kwenye breka moja, namba 14, na breka hiyo hiyo ndiyo wafagiaji wanachomekea mashine ya kung'arisha sakafu. Twende tukaangalie. Tukaenda. Kweli.

#13 Njiti

Wakuu nimetoka kuangalia ya kwangu sasa hivi. Chaja ipo moja tu ya betri zote mbili 😂 sikuwahi hata kufikiria. Fundi, ile koki mliitoa?

#14 Fundi wa Usiku

Tuliitoa, kila jenereta sasa ina bomba lake na koki yake, na mpini ukiwa umefungwa unazuia mlango wa kabati usifunge kwa hiyo huwezi kuondoka ukaiacha. Chaja moja imehamishiwa breka nyingine.

Tanki kubwa bado ni moja. Bosi amesema mwakani. Nimeliacha duara lake pale juu, peke yake, karibu na UPS.